Tunda Lililotolewa Maji: Hukumu ya Ukavu na Kipimo cha Ubichi

Swali la iwapo kitu hubaki kuwa kilekile baada ya kuondolewa sehemu kubwa ya kile kilichokiunda ni la kale katika falsafa, lakini halikuishia vitabuni, kwani kila aliyewahi kuuza, kununua au kula tunda kavu amekwisha kulijibu kwa vitendo, hata kama hakutambua kwamba ameulizwa. Stroberi iliyokaushwa kwa kugandishwa hulizidishia swali hilo ukali, kwa sababu stroberi mbichi ina maji kiasi cha asilimia 91 ya uzito wake, na maji hayo yakishaondolewa, kilo moja ya tunda huacha takriban gramu 100 tu, au pungufu kidogo. Kwa hesabu ya mizani, basi, kilichobaki ni sehemu ya kumi ya kilichokuwapo. Kwa macho, hata hivyo, kipande bado kina umbo lake, wekundu wake na vijimbegu vyake vya nje, na kinapotiwa mdomoni hurudisha ladha ambayo hakuna anayeweza kusema si ya stroberi. Mizani inakana na ulimi unakubali, na katikati ya mashahidi hao wawili pana maswali ya hukumu, ya afya na ya uaminifu katika biashara ambayo hayawezi kutatuliwa pasipo kwanza kufahamu ni kitu gani hasa kilichoondolewa.

Njia inayotumika ni tofauti na kuanika juani. Tunda hugandishwa hadi nyuzi nyingi chini ya sifuri, kisha huwekwa katika chombo kilichonyonywa hewa mpaka kukaribia ombwe, yaani hali ya kutokuwa na hewa kabisa, na hapo hutiwa joto la taratibu. Kanieneo, ambayo ni nguvu ya msukumo wa hewa au mvuke, ikishuka chini ya paskali 611, maji hayawezi kukaa katika hali ya umajimaji, na kwa hiyo barafu iliyomo ndani ya tunda hugeuka moja kwa moja kuwa mvuke na kutoka, tendo ambalo wanafizikia huliita sublimesheni. Kwa kuwa maji hayakupata nafasi ya kutiririka ndani ya nyama ya tunda, hayakuisinyaza wala hayakuhamisha sukari na chumvi kutoka mahali pake. Kila mahali palipokuwa na chembe ya barafu pamebaki tundu dogo, na ndiyo sababu kipande huwa chepesi na huvunjika kwa mlio badala ya kutafunika kama zabibu kavu. Wakulima wa milima ya Andes walijua kutumia baridi ya usiku na jua la mchana kukausha viazi karne nyingi kabla ya mashine kubuniwa, lakini njia ya ombwe kama inavyojulikana leo ilielezwa na Arsène d'Arsonval na Frédéric Bordas mjini Paris mwaka 1906, na ilipanuliwa sana wakati wa Vita Kuu ya Pili kwa ajili ya utegili wa damu, yaani sehemu yake ya majimaji, na penisilini, dawa ambazo zilihitajika kufika mbali bila kuharibika.

Aristotle alitenganisha mabadiliko ya namna mbili: lile ambalo kitu hubadilika sifa huku kikibaki kuwa chenyewe, kama mtu anayepata weusi wa jua, na lile ambalo kitu chenyewe hukoma na kingine kuzaliwa, kama ukuni unapokuwa majivu. Ukaushaji wa tunda unakataa kuingia upande wowote kwa utulivu. Maji yaliyotoka hayakuwa sifa tu kama rangi, kwani yalikuwa sehemu kubwa mno ya mwili wa tunda. Lakini pia hakuna kitu kipya kilichozaliwa, kwani maji yakirudishwa, kitu kinachofanana sana na cha awali hurejea, ingawa ni laini na hakina ukakamavu wa tunda lililochumwa asubuhi. Stroberi, zaidi ya hayo, si shahidi mzuri wa umbile lisilobadilika. Ile inayolimwa duniani leo ilitokana na mchanganyiko uliofanyika katika bustani za Ulaya karne ya 18, baada ya Amédée-François Frézier kurudi Ufaransa mwaka 1714 na miche kutoka Chile, ambayo ilikutana na jamaa yake wa Amerika Kaskazini. Na ile nyama nyekundu inayoliwa, kwa hesabu ya wataalamu wa mimea, ni kitako cha ua kilichovimba, ilhali matunda yenyewe ni vile vijimbegu vilivyotapakaa juu yake. Anayetaka kujenga hoja juu ya asili isiyoguswa ya stroberi amechagua msingi usio imara.

Hapa ndipo wanazuoni wa fiqhi, yaani elimu ya hukumu za matendo katika Uislamu, wana la kusema zaidi kuliko wanafalsafa, kwa sababu wao hawakuwa na ruhusa ya kuliacha swali likielea. Mnunuzi na muuzaji walikuwa wamesimama mbele yao wakisubiri jibu. Imepokewa kutoka kwa Saad bin Abi Waqqas, katika Muwatta ya Imamu Malik na katika mikusanyo mingine ya hadithi, kwamba Mtume Muhammad (S.A.W.) aliulizwa kuhusu kubadilishana tende mbichi zilizoiva kwa tende kavu, naye, kabla ya kujibu, aliuliza kama tende mbichi hupungua zinapokauka, na alipoambiwa kuwa hupungua, aliikataza biashara hiyo. Uzito wa mapokezi haya uko katika lile swali la katikati, ambalo halina jibu gumu hata kidogo, kwani hakuna mkazi wa Madina ambaye hakujua kwamba tende ikikauka hupungua. Wanazuoni wengi wamefahamu kwamba swali liliulizwa ili sababu ya hukumu idhihirike: usawa wa vibaba viwili leo ni usawa wa uongo, kwa vile kibaba kimoja kinabeba maji ambayo kesho hayatakuwapo, na riba, yaani ziada isiyo na badala katika kubadilishana vitu vya jinsi moja, inaweza kujificha ndani ya maji hayo.

Imamu Abu Hanifa, aliyefariki mwaka 767, aliruhusu biashara hiyo kwa kipimo sawa, na hoja inayosimuliwa kutoka kwake ni ya kimantiki kiasi cha kumfurahisha hata asiyeikubali. Tende mbichi, alisema, ama ni tende ama si tende. Ikiwa ni tende, basi inaingia katika ruhusa ya kuuza tende kwa tende sawa kwa sawa. Na ikiwa si tende, basi ni jinsi mbili tofauti, na jinsi zikitofautiana watu huuza wapendavyo. Wanafunzi wake wawili wakubwa, Abu Yusuf na Muhammad al-Shaybani, hawakumfuata katika jambo hili. Udhaifu wa hoja hiyo, kama inavyoonekana kwa aliyeifikiria, ni kwamba inadai kitu kiwe kimoja tu, kilekile au kingine, wakati ambapo swali la hadithi halikuwa juu ya utambulisho bali juu ya kiasi. Kitu kinaweza kuwa kilekile kwa jinsi na bado kikawa kingine kwa hesabu.

Madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yaliyoenea katika mwambao wa Afrika Mashariki tangu enzi za miji ya kale, yalilifikisha wazo hili mbali zaidi. Katika Minhaj al-Talibin ya Imamu al-Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, kitabu ambacho kwa vizazi vingi kimesomwa na kutegemewa na makadhi wa pwani, usawa wa matunda katika biashara huzingatiwa wakati wa ukavu, kwa maana ukavu huhesabiwa kuwa hali ya ukamilifu wa tunda, hali ambayo kiasi chake cha kweli hujulikana. Tunda lisilo na hali ya ukavu, kama tango au zabibu za aina isiyokaushika, kwa kauli yenye nguvu haliuzwi kabisa kwa tunda la jinsi yake, kwa kuwa siku ya kulipima kwa haki haifiki. Kwa karne nyingi stroberi, lau ingejulikana kwa wanazuoni hao, ingewekwa bila shaka katika fungu hilo la matunda yasiyokauka vizuri, kwani ikianikwa huoza au huvunda kabla haijakauka. Mashine ya ombwe imelipa tunda hili, baada ya muda mrefu, hali ya ukamilifu ambayo jua lililinyima. Iwapo jambo hilo linabadilisha hukumu yake ya biashara ni suala ambalo mwanafunzi wa fiqhi anaweza kulipigania kwa faida, maana wengine watasema kinachozingatiwa ni ukaukaji wa kawaida kwa watu wa kawaida na si ule unaopatikana kwa mtambo. Katika zaka suala ni jepesi, kwa kuwa matunda yanayotolewa zaka kwa Mashafi ni tende na zabibu, ambazo huliwa kama chakula cha kutegemewa na kuhifadhika. Stroberi kavu imepata kuhifadhika, lakini hakuna anayeishi kwayo.

Kitabu hichohicho, hata hivyo, kikifika katika mlango wa viapo, kinageuka. Aliyeapa kwamba hatakula tende mbichi, kisha akala tende kavu, hakuvunja kiapo chake, na aliyeapa kutokula zabibu mbichi havunji kwa kula zilizokauka. Bali aliyeapa kutokula matunda kwa jumla ameingiza kavu na mbichi pamoja. Msomaji wa haraka atadhani hapa pana mgongano, kwamba katika mlango wa biashara kavu na mbichi ni jinsi moja na katika mlango wa viapo ni vitu viwili. Hapana mgongano. Biashara inauliza ni kiasi gani cha mali kimepita kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, na kiapo kinauliza mwapaji alijifunga na nini alipotamka; kila swali linakata kitu mahali pake, na mwanasheria aliye makini hamwulizi Aristotle kabla hajamwuliza aliyekuja mbele yake anataka kujua nini. Torati ilichukua njia nyingine kwa shauku ya kutoacha mwanya: katika Kitabu cha Hesabu, nadhiri ya Mnadhiri inamkataza mtu divai, siki, zabibu mbichi na zabibu zilizokauka, kila moja ikitajwa waziwazi, kana kwamba mtunga sheria alijua kuwa mwenye tamaa angejitetea kwa kusema tunda likikauka huwa kitu kingine.

Kwa upande wa afya, kanuni ya Mashafi inafaa kugeuzwa. Wao walilipima bichi kwa kavu, kwa sababu hofu yao ilikuwa muuzaji kuuza maji kwa bei ya tunda. Mlaji wa leo anahitaji kulipima kavu kwa bichi, kwa sababu hatari yake ni kula tunda kana kwamba anakula hewa. Gramu 100 za stroberi mbichi zina takriban gramu 5 za sukari, gramu 2 za nyuzinyuzi, ambazo ni sehemu za mmea zisizomeng'enywa zinazosaidia utumbo, miligramu zipatazo 59 za vitamini C, na nishati ya kilokalori 32 hivi. Maji yakiondoka, vyote hivi hukusanyika mahali padogo: gramu 100 za stroberi kavu zina sukari inayozidi nusu ya uzito wake, na si kwamba kiwandani imeongezwa sukari, bali ndiyo ileile iliyokuwamo katika kilo moja ya tunda. Mtu anayekula tunda bichi husimamishwa na wingi wa maji na kazi ya kutafuna, na ni wachache wanaomaliza kilo kwa mkao mmoja. Anayekula vipande vikavu hana kizuizi hicho, na pakiti ya gramu 30 huisha wakati mazungumzo hayajaanza vizuri, akiwa amekula sawa na gramu 300 za tunda.

Manufaa yaliyomo ni ya kweli. Ukaushaji wa baridi, kwa kuwa hautumii joto kali, huhifadhi sehemu kubwa zaidi ya vitamini C na ya anthosiyanini, yaani viini vya rangi nyekundu ambavyo kwa stroberi kikuu chake hutokana na pelagonidini, kuliko ukaushaji wa jua au wa tanuri. Tunda lina pia elajitanini, viini ambavyo bakteria wa utumbo mpana huvigeuza kuwa urolithini, na inajulikana kwamba si watu wote wana bakteria wa kufanya kazi hiyo, jambo ambalo lingetosha kuwafanya wauzaji waseme kwa hadhari zaidi kuliko wasemavyo, kwani tunda lilelile haliwi chakula kilekile katika matumbo mawili. Katika jaribio lililofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 2014, watu wazima 60 wenye mafuta mengi tumboni na lehemu ya juu walipewa kwa wiki 12 kinywaji cha unga wa stroberi iliyokaushwa hivi, wengine gramu 25 kwa siku na wengine gramu 50, wakilinganishwa na waliopewa kinywaji chenye nishati na nyuzinyuzi sawa. Waliopata gramu 50 walishuka lehemu yao mbaya, ile iitwayo LDL, zaidi kuliko waliopata gramu 25. Gramu 50 za unga ni nusu kilo ya tunda kila siku, kiasi ambacho wachache wangekila au wangeweza kukilipia, na utafiti huo ulisaidiwa na Tume ya Stroberi ya California, chombo cha wakulima wenyewe. Msaada huo hauubatilishi utafiti, lakini shahidi mwenye maslahi husikilizwa kwa masharti, na matokeo ya wiki 12 juu ya kipimo kimoja cha damu si ahadi ya kuepuka ugonjwa wa moyo.

Mpaka kati ya chakula na dawa ndio ambao biashara ya vyakula hivi hupenda kuuvuka bila kutangaza. Tamaa hiyo ni ya zamani na haikuanza na wafanyabiashara. Kitabu cha Pili cha Wafalme kinasimulia kwamba Mfalme Hezekia alipougua jipu, Isaya aliagiza liwekwe andazi la tini, tunda lililokaushwa na kushindiliwa, naye akapona. Na Carolus Linnaeus, mwanasayansi wa Uswidi aliyepanga viumbe katika majina yao, aliamini kwamba stroberi ndiyo iliyomponya jongo, ugonjwa wa viungo unaotokana na kuzidi kwa asidi ya mkojo. Hata ile kauli maarufu inayomtaka mtu akifanye chakula kiwe dawa yake, ambayo hubandikwa jina la Hippocrates kila mahali, haimo katika maandiko yanayonasibishwa naye. Tofauti iliyopo ni kwamba dawa huwa na kipimo, ugonjwa uliokusudiwa na mtu wa kuwajibika inapodhuru, ilhali chakula hakina hata kimoja kati ya hivyo. Na kwa hiyo anayeuza tunda kwa sifa ya dawa amechukua heshima ya tabibu bila kuchukua mzigo wake. Katika masimulizi ya Hezekia, ikumbukwe, uponyaji ulinasibishwa na Mungu aliyesikia dua, na tini zikawa njia tu. Msomaji wa dini hapaswi kuihamishia tini, wala stroberi, sifa ambayo andiko halikuipa.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki lipo jambo jingine ambalo lisipotajwa hoja yote inabaki ya kigeni. Stroberi hustawi katika nyanda za juu zenye baridi, kama zile za Kiambu, na iliyokaushwa kwa kugandishwa kwa kawaida ni bidhaa ya bei kubwa. Lakini pera, ambalo hudondoka na kuozea chini ya miti katika nyua nyingi, lina vitamini C inayokaribia mara nne ya ile ya stroberi kwa uzito uleule. Ubuyu nao hujikausha wenyewe ndani ya kifuu chake ungali juu ya mti, bila ombwe wala umeme, na unga wake mweupe una vitamini C nyingi, nyuzinyuzi na chokaa ya kujenga mifupa. Umoja wa Ulaya uliukubali rasmi kama chakula kipya mwaka 2008, upya ambao ungemchekesha bibi yeyote wa Unguja. Ni kweli kwamba ubuyu unaouzwa mitaani hupikwa na kutiwa rangi na sukari mpaka faida yake ikafunikwa, na katika hilo hauna cha kuicheka stroberi ya dukani. Kama ukavu ni ukamilifu, maumbile yalikuwa yameshaukamilisha ubuyu kabla ya mafakihi wala wanafizikia kuzaliwa.

Suala la usalama ndilo linaloonyesha kwa uwazi zaidi kile ambacho ukaushaji hufanya na kile usichofanya. Vijidudu huhitaji maji huru, yaani maji ambayo hayajafungwa na sukari au chumvi, na wataalamu huyapima kwa nambari kati ya 0 na 1. Chini ya 0.60 hakuna kijidudu kinachozaliana, na stroberi iliyokaushwa vizuri iko mbali chini ya hapo. Kutozaliana, lakini, si kufa. Historia ya njia hii yenyewe inathibitisha hilo, kwa kuwa ukaushaji wa baridi ndio ulioifanya chanjo ya ndui, ambayo kiini chake ni virusi hai, iweze kusafirishwa katika nchi za joto bila jokofu. Leslie Collier wa Taasisi ya Lister nchini Uingereza aliikamilisha mbinu hiyo katika miaka ya 1950, na kampeni iliyoitumia ilifikia mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa ndui kwa njia ya asili katika mji wa Merca, mwambao wa Somalia, mwezi Oktoba 1977. Njia iliyohifadhi uhai wa virusi vya chanjo kwa ajili ya wema haina macho ya kutambua kwamba virusi vilivyomo ndani ya stroberi ni vya madhara. Inahifadhi kila inachokuta.

Na stroberi ina mazoea ya kukutwa na vitu visivyotakiwa, kwa sababu hukua karibu na udongo, huchumwa kwa mkono, ina ngozi laini yenye mashimo, na haimenywi. Mwaka 1997 katika jimbo la Michigan, Marekani, wanafunzi waliugua homa ya ini ya aina A kwa kula stroberi zilizogandishwa. Mwaka 2012 mashariki mwa Ujerumani takriban watu 11,000, wengi wao watoto wa shule, walishikwa na kuhara na kutapika kwa sababu ya virusi vya noro vilivyokuwamo katika stroberi zilizogandishwa kutoka China. Na mwaka 2016 stroberi kutoka Misri zilieneza tena homa ya ini nchini Marekani. Matunda hayo yalikuwa yamegandishwa tu, hayakukaushwa, lakini baridi iliyoshindwa kuviua virusi hivyo ndiyo hatua ya kwanza ya ukaushaji huu, na hatua ya pili, ya kuondoa maji, haiongezi joto la kutosha kufanya kazi hiyo. Usalama, basi, hutoka shambani, katika maji safi ya kumwagilia na mikono iliyonawa ya mchumaji, si katika mtambo. Na dawa za kuua wadudu zilizobaki juu ya tunda nazo hazitoki na mvuke. Kwa mwenye mimba, mzee, au mgonjwa ambaye kinga yake imedhoofika, njia ya tahadhari ni kuutia unga wa stroberi ndani ya uji ungali jikoni na kuuacha uchemke, kwani nyuzi 85 kwa dakika moja huviua virusi vya homa ya ini ya aina A, ingawa sehemu ya vitamini C itapotea. Atakayesema kwamba kwa kufanya hivyo faida ya ukaushaji wa baridi imeharibiwa atakuwa amesema kweli, na bado uji huo utakuwa ndio uamuzi bora.

Unyevu hurudi. Vile vitundu vilivyoachwa na barafu huyanywa maji ya hewa kwa kasi, na katika hewa ya Mombasa, Tanga au Unguja pakiti iliyoachwa wazi huanza kulainika siku hiyohiyo. Kipande kilicholainika kimevuka tena mpaka, na kinapaswa kuhesabiwa kuwa tunda bichi, kiwekwe katika jokofu na kiliwe mapema, au kitupwe kikiwa na harufu ya uchachu au madoa ya kuvu. Kilichobaki kiwekwe katika chombo kinachofungwa kabisa, mbali na jua ambalo hufifisha rangi na vitamini, pamoja na kile kifuko kidogo cha kunyonya unyevu ambacho hakiliwi na kinachopaswa kuwa mbali na watoto. Imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) alipita sokoni penye lundo la nafaka, akaingiza mkono wake ndani na vidole vikakuta umajimaji, mwenye mali alieleza kwamba mvua ilikuwa imenyesha, naye akaulizwa kwa nini basi hakuiweka ile iliyolowa juu, watu wakaiona, kisha likafuata karipio kali dhidi ya udanganyifu. Wafasiri wameisoma hadithi hii kama msingi wa wajibu wa kufichua kasoro, na ni vizuri kutambua kwamba kasoro yenyewe ilikuwa ni maji yaliyofichwa chini ya ukavu, kasoro ambayo mnunuzi wa chakula kikavu hawezi kuigundua kwa macho na ambayo huanza kuharibu kabla haijaonekana.

Wajibu wa kufichua hauishii kwenye unyevu. Stroberi mbichi ina takriban miligramu 153 za potasiamu katika gramu 100, madini ambayo mtu mwenye figo nzima huyatoa kwa mkojo bila shida. Gramu 100 za kavu zina zaidi ya gramu moja na nusu, kiasi ambacho mgonjwa wa figo aliyeambiwa na daktari apunguze potasiamu anaweza kukila akidhani amekula vitafunio vyepesi. Mgonjwa wa kisukari ana hesabu yake ya sukari iliyokwisha tajwa, mwenye mzio wa stroberi hapati nafuu yoyote kwa ukavu, kwani protini zinazoamsha mzio hubaki humohumo, na mtoto mchanga anayeanza kula apewe unga ndani ya chakula laini, si vipande vinavyoweza kumkaba. Pakiti nyingi huandika uzito wa kavu na kunyamaza, na kwa sheria za nchi nyingi kunyamaza huko si kosa. Kwa kipimo cha wanazuoni waliouliza kama tende hupungua inapokauka, mwenye kiwanda angepaswa kuandika, kando ya gramu 30 za ndani, gramu 300 za shambani.